Kamba, karoti au kundi: njia tatu za kumlea farasi mchanga mwenye michezo

Farasi wa mwaka mmoja na nusu anayekuvuta koti kwa meno, anayesimama kwa miguu ya nyuma kila akiona ndoo ya chakula, anayekujia mbio uwanjani kisha akageuka ghafla na kurusha mateke hewani, hana ubaya wowote. Anacheza. Tabu ni kwamba ana zaidi ya kilo 300, na mchezo anaokuchezea wewe ni ule ule anaomchezea farasi mwenzake mwenye ngozi nene na shingo ya kuhimili meno. Ukiomba ushauri katika mazizi ya Karen, Lang'ata au Nanyuki utapewa majibu matatu yanayopingana, na kila anayekujibu ana farasi wake mmoja mtulivu wa kukuonyesha kama ushahidi.

Majibu hayo matatu ndiyo ninayoyalinganisha hapa. La kwanza ni kumfunza kwa kamba: unamshinikiza kidogo, akiitikia unalegeza. La pili ni kumfunza kwa zawadi, yaani chakula kinachotanguliwa na sauti maalumu. La tatu ni kuwaachia farasi wakubwa wamlee, wewe ukimfundisha mambo machache tu mpaka afikie miaka 3 hivi. Zote tatu zimetoa farasi wazuri, na zote tatu zimeharibu farasi.

Kwanza hakikisha ni mchezo

Madume wachanga hucheza kwa kupigana: hung'atana shingo na miguu ya mbele, husimama kwa miguu ya nyuma, hupandiana. Majike wachanga hupenda zaidi kukimbizana. Kwa hiyo dume mchanga anayekudonoa mkono kwa meno na kuinua miguu ya mbele anakukaribisha kwenye mchezo wa rika lake. Utamjua kwa masikio yaliyosimama au yanayogeukageuka na mdomo uliolegea. Masikio yakilala nyuma kabisa, pua ikakunjwa na mkia ukachapwa huku na huku, mchezo umekwisha hapo. Huyo amekasirika, ameogopa au anaumwa.

Maumivu yanasahaulika sana. Meno ya mbele ya utotoni hung'oka kwa zamu: ya katikati karibu na miaka 2 na nusu, yanayofuata miaka 3 na nusu, ya pembeni miaka 4 na nusu. Farasi ambaye fizi zinamwasha hutafuna mlango, kamba na mkono wako bila kubagua. Halafu kuna tumbo. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili ule, lita 8 hadi 15 tu, na asidi humwagika humo mchana na usiku, awe anakula au hali. Mfungie ndani kutwa nzima, mpe nafaka nyingi na nyasi kidogo, kisha ushangae kwa nini anauma. Kabla ya kubadilisha mafunzo badilisha ratiba: nyasi kavu za boma Rhodes ziwe mbele yake muda mwingi, nafaka ipungue, na awe nje na mwenzake saa nyingi kadiri nafasi inavyoruhusu. Wapo wanaotulia kwa hilo tu, na mwenye farasi akaokoa pesa za mwalimu.

Vipimo nitakavyotumia

Kila njia nitaipima kwa mambo yale yale: usalama wa watu, hasa mbele ya meno na miguu ya mbele, muda na gharama, mazoea yanayojengeka kati ya farasi na mtu, na madhara yanayobaki mambo yakikosewa. Mwisho nitasema inamfaa nani.

Kuna kipimo kimoja ambacho kwangu kinatangulia vyote hivyo, na watu wengi hukiruka: ni nani anayeshinda na farasi huyo? Kwetu jibu ni saisi. Mwenye farasi huja Jumamosi na Jumapili, pengine jioni moja katikati ya juma. Saisi ndiye anayemfungulia asubuhi, anayemlisha, anayemsugua, anayemtoa uwanjani na kumrudisha. Ukihesabu saa, mwalimu wa farasi wako ni yeye, hata kama hakuna aliyempa cheo hicho. Mbinu uliyoipenda kwenye video, ikiwa saisi haijui au haiamini, itakuwa mbinu ya Jumamosi tu.

Tena farasi anatusoma kuliko tunavyodhani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na farasi mmoja Berlin, Hans, aliyesifika kwa kujua hesabu: alipiga ukwato chini mpaka afikie jibu sahihi, kisha akaacha. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alikuwa anawatazama waulizaji, na jibu lilipofika vichwa na mabega yao yalibadilika kidogo sana bila wao wenyewe kujua. Mnyama wa namna hiyo hawezi kushindwa kugundua kwamba mtu wa Jumamosi na mtu wa Jumatatu wana sheria tofauti.

Njia ya kwanza: kamba

*Inavyofanya kazi.* Kinachomfundisha farasi ni kile kinachotokea pale mvuto unapokoma. Weka vidole viwili kifuani mwake, sukuma kidogo, ongeza taratibu bila hasira; anapohamisha tu uzito kwenda nyuma, hata kabla hajainua mguu, ondoa vidole. Safari ijayo atahama mapema zaidi. Baadaye utanyoosha kidole tu naye atarudi nyuma. Jambo hili laonekana dogo, lakini farasi mchanga huzaliwa na mwelekeo wa kinyume: ukimsukuma naye husukuma, ukimvuta naye huvuta. Ukimvuta mbele, akakaza shingo na kuegemea nyuma, nawe ukachoka ukaachia, umemfundisha kuegemea nyuma, na umemfundisha vizuri sana.

Upole wa kisasa wa njia hii ulienezwa na wachunga ng'ombe wa magharibi mwa Marekani, watu kama Tom Dorrance na mfuasi wake Ray Hunt, waliokataa desturi ya kumvunja farasi kwa kumchosha na kumtisha. Mwenzao wa California, Monty Roberts, alialikwa Windsor mwaka 1989 kuonyesha kazi yake mbele ya Malkia Elizabeth II, na baada ya hapo uwanja mdogo wa duara, ambamo mtu humfukuza farasi mpaka amgeukie na kumfuata, ukawa maarufu duniani.

*Usalama.* Hapa ndipo njia hii ina nguvu kuliko zote, kwa sababu somo lake la kwanza ni umbali. Unaweka mpaka wa urefu wa mkono wako, na farasi hauvuki asipoitwa. Akileta mdomo, unatikisa kamba mpaka arudi hatua mbili, kisha unatulia kabisa kama vile hakuna kilichotokea. Kumpiga kofi la mdomo ni kosa lenye matokeo mawili: dume mchangamfu huliona kofi kuwa zamu yako katika mchezo, naye atajibu, farasi mwoga ataanza kurusha kichwa kila mkono unapopita karibu, na kumvisha hatamu kutakuwa vita. Kwa anayesimama kwa miguu ya nyuma, usikae mbele yake. Kaa usawa wa bega lake, shika kamba ndefu, mita 3 na nusu au 4, ili uweze kusogea bila kumwachia. Na usiizungushe kamba mkononi, hata siku ambayo amelala usingizi.

*Muda na gharama.* Hatamu ya kamba isiyo na lijamu (chuma cha mdomoni), kamba ndefu na fimbo nyepesi: hakuna zaidi. Vipindi viwe vya dakika 10 hadi 15, kwa kuwa akili ya farasi mchanga haidumu pamoja nawe kwa muda mrefu. Gharama halisi iko kwenye wepesi wa mkono wako. Kulegeza ukichelewa sekunde chache, somo limebadilika.

*Mazoea.* Wapenzi wa njia hii husema farasi anayekufuata ndani ya uwanja wa duara amekuchagua uwe kiongozi wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walilipima jambo hilo kwa mzaha wa kitaalamu: walitumia gari dogo la kuchezea linaloendeshwa kwa rimoti, likawa linamfukuza farasi na kutulia kila anapoligeukia. Farasi wakajifunza kulielekea gari. Hakuna anayeweza kusema walilipenda. Ninavyoona mimi, kamba hujenga kuelewana na kuaminiana, na hilo si dogo. Lakini mtu asijidanganye kwamba kufuatwa ndiko kupendwa.

*Ikikosewa.* Kosa la wengi ni kutolegeza. Wanashinikiza, farasi anaitikia, wanaendelea kushinikiza ili "aelewe vizuri". Farasi wa namna hiyo ama hulipuka, ama hujizima: husimama kama sanamu, macho hayana kitu, watu wakamsifu kwa utulivu. Kujizima huko ni vigumu sana kukurekebisha.

*Inamfaa nani.* Mahali penye mikono mingi inayomshika farasi mmoja, kwa sababu saisi wengi tayari wanafanya kazi kwa mantiki hii na wataielewa haraka. Humfaa pia mwenye dume jasiri asiyejua mipaka. Haimfai mtu mwenye hasira za karibu, wala mtu anayeogopa: mwoga huachia kamba pale pale farasi anapokosea.

Njia ya pili: karoti

*Inavyofanya kazi.* Mzizi wake ni kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner kuhusu namna matokeo ya tendo yanavyolifanya lirudiwe au liachwe. Miaka ya 1960 mbinu hiyo ilitumika Hawaii kuwafunza pomboo, nao hauwezi kuwavisha kamba. Ukimkera anazama, kazi imekwisha. Kwa farasi ilianza kuenea katika miaka ya 1990. Unachagua sauti moja fupi, unaioanisha na chakula mara nyingi mpaka farasi ajue sauti hiyo maana yake "hilo ulilofanya sasa hivi limelipwa", kisha unaitumia kuonyesha tendo lenyewe, chakula kikifuata.

Hapa kwetu kuna mtego. Walimu wa ng'ambo hutumia kifaa kidogo kinacholia, au hubofya ulimi. Lakini saisi anapobofya ulimi anamwambia farasi "haya, twende". Ukitumia sauti ile ile kama tangazo la karoti, farasi mmoja atakuwa na sauti moja yenye maana mbili. Chagua neno fupi ambalo halitumiki zizini, na wote mlitamke vilevile.

*Usalama.* Kuna shaka moja ambayo ni ya haki. Saisi mmoja mzee wa Lang'ata aliwahi kuniambia, "Mama, ukimpa mkononi leo, kesho atakuja kuuchukua mwenyewe." Alikuwa sahihi kuhusu karoti za kugawa ovyo. Mbinu yenyewe ikifuatwa, somo la kwanza ni kinyume cha hilo. Unasimama upande wa pili wa uzio au mlango wa nusu, chakula kiko kwenye mfuko wa kiunoni, na unangoja. Atanusa mfuko, atasukuma, atalamba uzio. Usifanye lolote. Punde atachoka na kugeuza kichwa mbele au pembeni. Hapo hapo sauti, na chakula unakipeleka mbali na mwili wako, mkono umenyooka, pale kichwa chake kinapotakiwa kuwa. Farasi hugundua kwamba kuondoa mdomo ndiko kunakoleta karoti. Mpaka hapo pazoeleke, uzio usiondoke kati yenu.

Karoti zikatwe vipande virefu vyembamba, si vya mviringo kama sarafu, kwa sababu vya mviringo vinaweza kumkwama kooni. Siku nyingi huhitaji hata karoti. Konzi ya nyasi zilizokatwakatwa inatosha farasi asiyeshinda njaa.

*Muda na gharama.* Mwanzo ni wa polepole, lakini kwa mambo ambayo farasi hana sababu ya kuyapenda, matunda yake ni ya haraka kuliko kamba. Kupanda lori, kuinua miguu kwa fundi wa kwato, kusimama kwa sindano ya daktari wa mifugo: hayo ndiyo uwanja wa njia hii. Mfundishe kugusa chupa ya plastiki iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo, na utaweza kumpeleka chupa inakokwenda, hata juu ya ngazi ya lori. Kwa farasi wa Kenya anayechomwa chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika kila mwaka, kusimama kwa hiari mbele ya sindano kunamwokoa kila mtu asivunjwe mguu.

*Mazoea.* Farasi aliyefunzwa hivi huja langoni akikuona. Anakujia wewe au anaujia mfuko? Mwanzoni ni mfuko, bila shaka. Lakini zipo zawadi zisizo chakula. Mwaka 1993 watafiti nchini Ufaransa waliwakuna farasi wa Camargue pale chini ya shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi hukunana wenyewe kwa meno, na mapigo ya moyo yakapungua. Kuwakuna mahali pengine hakukuleta mabadiliko hayo. Kwa hiyo dakika 5 za kumkuna pale, ukikoma anaposogeza mdomo kukukuna nawe, ni zawadi ya kweli, na haina mfuko. Nawashauri hata wale wa kamba waichukue hii.

*Ikikosewa.* Matokeo ni farasi anayepekua mifuko ya watu, na huyo kwa mtoto mdogo ni hatari kuliko farasi aliyefunzwa vibaya kwa kamba. Kosa la pili ni kulipa msisimko: farasi anapiga ukwato chini kwa pupa, mtu anacheka, anampa. Amenunua hilo pigo la ukwato kwa maisha yote.

*Inamfaa nani.* Mtu mmoja au wawili wanaomshika farasi wenyewe, wenye subira na macho ya haraka. Inamfaa sana farasi mwoga au aliyewahi kuumizwa, kwa kuwa hashinikizwi na anaweza kuondoka. Mahali penye wageni wanaopita na vipande vya mkate mikononi, haiwezi kudumu wiki moja.

Njia ya tatu: kundi

*Inavyofanya kazi.* Unamweka farasi mchanga na farasi wakubwa wenye busara, hasa majike watu wazima, na unamwacha akue. Hao humfundisha adabu ambayo mtu hawezi kuifundisha kwa ufasaha ule: jike halalamiki wala harembi maneno, hulaza masikio, akipuuzwa huonyesha meno, akipuuzwa tena hupiga. Kesho yake hana kinyongo. Mtoto naye hujibu kwa kunyoosha shingo na kugonganisha meno hewani, ishara ya "mimi ni mdogo, usinipige", na hatimaye hujifunza kuuliza kabla ya kumrukia mwenzake.

Ushahidi wa thamani ya kundi unaonekana kwa wale walioukosa. Mtoto yatima aliyelelewa kwa chupa na watu, bila farasi mwingine, anapendeza kwelikweli akiwa na miezi 3. Akiwa na miaka 2 ndiye farasi anayeogopwa kuliko wote zizini, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba mwenzake anaumia.

Kuna sababu ya pili, ya mifupa. Sehemu za ukuaji za mifupa ya goti la mbele hufungika karibu na miaka 2 na nusu, lakini za uti wa mgongo huendelea mpaka baada ya miaka 5. Farasi wa mbio hupandwa mapema zaidi, na uwanja wa mbio wa Ngong una kalenda yake. Lakini farasi wako wa kupanda Jumapili hafukuzwi na kalenda ya mtu.

*Usalama.* Watu wako salama kwa sababu hawapo. Hesabu yake inakuja siku unapomleta zizini ana kilo 400 na hajui kuongozwa. Ndiyo maana hata katika njia hii kuna masomo ya lazima kabla hajatoka kwenda kundini, na kila mwezi akumbushwe: kuvaa hatamu, kuongozwa na kusimama, kuinua miguu yote minne, kuguswa masikio na mdomo, kukubali kutenganishwa na wenzake kwa muda mfupi. Hayo yanafundishika kwa kamba au karoti, upendavyo, dakika 10 kwa siku muda mfupi baada ya kuachishwa ziwa.

*Muda na gharama.* Nguvu kazi ni ndogo, ardhi ni kubwa. Laikipia, Gilgil, au upande wa Usa River kule Tanzania inawezekana; kwenye nusu eka ya Karen ni ndoto. Uzio usiwe wa seng'enge, maana farasi mchanga anayekimbizana hupasuka kifua kabla hajauona. Usubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika hung'ata zaidi kuanzia machweo hadi mapambazuko, na punda milia hubeba virusi hivyo bila kuonekana wagonjwa, kwa hiyo anayelisha karibu na wanyamapori asikose chanjo, na wengi huwaingiza farasi ndani usiku. Kupe nao wana ratiba yao ya dawa.

*Mazoea.* Hapa lazima ukubali kusubiri. Farasi huyu hatakulilia langoni. Atakuheshimu, atakutazama kwa mbali, na mazoea yataanza kujengwa baadaye, akiwa na miaka 3, kwa haraka inayoshangaza wengi, kwa sababu tayari anajua kuishi na wengine. Anayetaka mtoto wa kumkumbatia leo ataiona njia hii kavu.

*Ikikosewa.* Makosa ni mawili. La kwanza ni kumtupa huko bila masomo ya lazima, akarudi karibu mwitu. La pili ni kumweka na vijana wenzake watupu. Hapo kila mmoja anamnoa mwenzake meno.

*Inamfaa nani.* Mwenye shamba, mwenye farasi wakubwa wapole, asiye na haraka. Na mwenye yatima, hata kama itabidi amkodishie nafasi shamba la mbali.

Kuchanganya

Kamba na karoti vinaweza kukaa pamoja, na walimu wengi wazuri hufanya hivyo: wanalegeza, kisha wanakuna shingo au wanatoa kipande. Sharti ni kwamba kila mtu ajue lini chakula kinatolewa na lini hakitolewi. Kinachoshindikana ni mchanganyiko usio na mpango, ambapo mwenye farasi ni wa karoti, binti yake ni wa busu la pua, saisi ni wa kofi, na fundi wa kwato ni wa kelele. Kaeni chini, na saisi awepo kwenye kikao, aulizwe kabla ya kuelekezwa. Mara nyingi anajua kitu ambacho mwenye farasi hajui: kwamba huyu huuma akifungwa karibu na farasi fulani, au kwamba hurusha mateke siku ambazo chakula kimechelewa.

Kwa hali yako

Una dume wa miaka 2 hajahasiwa, anapanda watu mabegani: muite daktari wa mifugo mzungumze kuhasi kwanza, na huku mkisubiri, kamba, mtu mzima mwenye uzoefu, kila siku, dakika chache. Karoti za mkononi zisimame kwa sasa.

Una jike mchanga anayekimbia kila akiona hatamu: karoti kupitia uzio, na kumkuna. Usimwingize uwanja wa duara. Kukimbia anakujua tayari.

Umechukua farasi aliyeacha mbio. Huyo amezoea watu, kamba na kelele kuliko wewe, na michezo yake mara nyingi ni nguvu iliyokosa kazi. Punguza nafaka, mpe miezi kadhaa uwanjani na mwenzake mtulivu, kisha umwendee kwa kamba nyepesi. Lori likiwa tatizo, tumia chupa kwenye fimbo.

Una watoto nyumbani wanaotaka kumzoea: kamba iwe sheria ya zizi, zawadi iwekwe kwenye ndoo na si kiganjani, na kazi yao iwe kumkuna akiwa ameshikwa na saisi. Wasimame upande wa bega. Mbele ya paji lake na nyuma yake haoni.

Una yatima wa chupa: kundi, mapema iwezekanavyo, hata kama moyo unakataa.

Una eka za kutosha na majike wawili wazee: kundi, pamoja na masomo ya lazima, na ratiba ya chanjo na kupe iliyoandikwa ukutani.

Na kama huna shamba, saisi wako hubadilika kila mara, na muda wako wote ni Jumamosi asubuhi, hakuna hata moja kati ya njia hizi tatu itakayokufaa mwaka huu. Tafuta farasi wa miaka 10 au 12 aliyekwisha kufunzwa, umpande, ujifunze mkono wa kulegeza kwa farasi anayesamehe. Mwenye yule mchanga uliyempenda umwombe akae naye kundini miaka mingine 2, na umlipie malisho ukiweza.